Kumi ya Nini?

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Kwako Yanini, mdogo wangu,

Salamu utazikuta mwishoni kama nitazikumbuka, maana nina habari njema na imenikaa kooni. Mama amepata nafasi! Hospitali kubwa ya huko kwako imekubali kumpokea Ijumaa ya tarehe 14, na daktari wa mapafu atamwona siku hiyo hiyo. Kwa hiyo fagia hicho chumba chako cha mwalimu, tandika kitanda kama mtu mwenye mama, na uache kula mikate mikavu. Akipata nafuu kidogo tu, swali lake la kwanza litakuwa unakula nini.

Hali yake nisikufiche: bila oksijeni hakai. Ukimtoa maski anywe maji tu, midomo inabadilika rangi. Ila ulimi ni mzima, na unaujua ulimi wa mama. Jana kamwambia mgonjwa wa kitanda cha jirani kwamba anakoroma kama mashine ya kusaga.

Safari isikutie hofu. Tumepata gari jipya la wagonjwa, na limekuja na mitungi midogo ya oksijeni, mizuri, myepesi, kila mmoja unaubeba kwa mkono mmoja kama mtoto mchanga. Si yale magogo ya chuma ya wodini ambayo wanaume wawili huyabingirisha huku wakitukana. Mwendo ni wa saa nne. Hesabu nimeipiga mbele ya mama mwenyewe ili atulie: sindano ya geji, kile kisaa cha kichwani mwa mtungi, inasoma 150, mara kumi, gawa kwa mtiririko wa tano, unapata dakika mia tatu. Saa tano kamili. Mtungi mmoja tu, na saa nzima inabaki ya akiba! Ndiyo kanuni ya wodi yetu, sindano mara kumi, gawa kwa mtiririko. Kila muuguzi aliyepita mikononi mwa Matroni anaijua hata akiwa usingizini.

Unajua mama alisema nini? Alicheka mpaka pumzi ikamkata, nikaogopa. "Mdogo wako angekuwepo hapa," akasema, "angeuliza kumi ya nini." Nikacheka na mimi. Unakumbuka alivyokuwa akikutuma dukani, "kaniletee mbili," na wewe unaganda mlangoni, "mbili za nini?", mpaka jina likakukaa? Mtoto gani yule, jamani.

Jambo moja linanikera, nalo ni geji za siku hizi. Mwezi uliopita tulimpeleka huko huko, kwa gari hili hili jipya, yule fundi wa mabango, aliyeandika jina la duka la dawa na la shule uliyosoma. Mimi ndiye niliyefuatana naye, na mkewe alikuwepo. Alifia njiani hata nusu hatujafika. Moyo, walisema. Mkewe alikuwa anatapika kwa sababu ya mashimo ya barabara, tukasimama kidogo ateremke, na tulipoondoka tena ndipo hali ya mzee ikaanza kwenda kombo. Geji nayo ilikuwa imeharibiwa na mitikisiko, ikashuka mpaka sifuri wakati kwa hesabu yangu bado tulikuwa na saa tatu na zaidi. Wameibadilisha sasa. Mama atasafiri na geji mpya kabisa.

Simu ya hospitali bado imekufa tangu mvua ziangushe nguzo. Barua mpe dereva wa gari la maziwa. Huyo hapotezi kitu isipokuwa chenji ya watu.

Dada yako


Jumatano, tarehe 5 Juni

Dada,

Mama ana haki. Kumi ya nini?

Safari hii siulizi kwa utani. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama darasani, wanafunzi wanafanya jaribio, na mmoja ameniuliza kama naumwa. Nimekimbilia simu ya ofisi, nimepiga mpaka kidole kimeuma, kwenu hakuna kitu ila mvumo. Kwa hiyo nisome polepole, tafadhali, na usikasirike kabla hujafika chini.

Ile 150 ni ya nini? Ni baa. Si zile anazolala mjomba. Ni kipimo cha hewa ilivyobanwa mle ndani, na hakikuambii hewa yenyewe ni nyingi kiasi gani. Watu wakibanana chumbani huwezi kujua ni wangapi mpaka ukijue chumba. Stoo ya mafagio ikijaa, ni watu sita. Ukumbi wa mikutano ukijaa vile vile, bega kwa bega, ni mia sita. Haya, ile tano ni ya nini? Ni lita kwa kila dakika. Sasa chukua baa ugawe kwa lita za kila dakika, Dada, dakika hazipatikani hata ukipiga magoti. Ni sawa na kugawa joto la chai kwa vikombe ukategemea upate sukari. Lazima kitu chenye lita kiingie katikati, ili lita zifutane na lita, dakika zibaki peke yake.

Na katika kanuni yenu kuna namba moja tu isiyo na jina. Hiyo kumi. Naapa kwamba si kumi tupu: ni lita kumi, ukubwa wa tumbo la yale magogo yenu. Baa 150 ndani ya tumbo la lita kumi ni lita elfu moja na mia tano za hewa, gawa kwa lita tano kila dakika, dakika mia tatu. Kwa magogo kanuni ni kweli kabisa. Kwa mtungi unaobebwa kama mtoto mchanga, kumi imetoka wapi?

Nenda stoo. Begani mwa mtungi mdogo, chini ya valvu, kuna namba zimegongwa kwenye chuma. Tafuta ile yenye herufi L. Mpaka uione kwa macho yako, mama asipakiwe kwenye gari lile. Nakuomba. Hata wakikuambia nafasi itapotea, asipakiwe.

Mengine uliyoandika sina la kusema, kengele imelia.

Mdogo wako, Yanini


Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mwalimu,

Ndiyo, nimekuita Mwalimu, maana umeniandikia kama mwanafunzi aliyechelewa namba ya asubuhi.

Kanuni hiyo nimefundishwa na Matroni, ambaye amewavusha watu wengi kuliko chaki ulizovunja. Wodi nzima inaitumia. Mganga mkuu anaitumia. Leo wewe, ambaye hata kupigwa sindano unafumba macho, unaniambia sukari na chai! Mama nimemsomea kipande cha mafagio, akacheka tena, nikalazimika kumwongezea hewa. Ukimuua kwa kicheko utanijibu.

Lakini stoo nimekwenda, usije ukasema dada yako mkaidi. Bega la mtungi limepakwa rangi nyeupe nene kama uji. Nimekwaruza kwa wembe, nimeona kitu kama 3, au ni 8, au ni mikwaruzo yangu mwenyewe. Matroni amenikuta nimepiga magoti pale, akaniuliza nimepoteza hereni?

Basi nimeamua. Maneno hayajengi nyumba. Kesho Jumamosi, baada ya ripoti ya asubuhi, saa mbili kamili, nitaufungua mtungi mdogo uliojaa, sindano 150, mtiririko tano, nitauacha upumue peke yake pale dirishani. Kwa kanuni yetu utakwisha saa saba mchana. Nitakuwa nakula chakula changu huku nausikiliza, na baada ya hapo utaniandikia barua ya kuomba radhi, ndefu, yenye mwandiko mzuri.

Dada yako


Jumamosi, tarehe 8 Juni

Yanini,

Umekwisha saa tatu na nusu.

Nilikuwa nafunga kidonda cha mtu. Nikasikia kitu kimepungua wodini, sikujua ni nini, kama jokofu linapozima. Nikageuka. Ile sauti ya pumzi dirishani haipo. Nikaenda. Geji, geji mpya, nzima, imelala kwenye sifuri. Kidude cha kuzungusha mtiririko bado kinasema tano! Nimeweka shavu langu kwenye mdomo wa mpira, hakuna kitu. Nimetikisa mtungi kama mjinga anayetikisa chupa ya soda. Nikaufungua mwingine nikidhani wa kwanza ulivuja. Nao ukaenda vile vile, ukafa vile vile. Lita tatu. Ile namba ni 3.

Mama yuko salama, yuko kwenye gogo lake, amelala. Hilo nakuambia mapema usije ukaanguka.

Mimi sijui niko wapi. Nimekaa stoo, naandika juu ya boksi la glavu.

Yanini, geji ya fundi wa mabango haikuwa imeharibika.

Mitungi ile midogo haina kile kikombe cha maji kinachotoa mapovu, kwa hiyo huoni hewa ikikata. Gari lilikuwa linanguruma, sikusikia. Niliona sifuri, nikaona kidude kinasema tano, nikapiga hesabu upya kichwani, ikanipa saa tatu na zaidi, nikaiamini hesabu. Yule mzee alinishika mkono. Alikuwa anavuta maski aitoe usoni, na mimi nikamwambia, baba, tulia, usiivue, ndiyo inayokusaidia. Nikaibana vizuri zaidi. Yanini, nilimbania usoni maski isiyokuwa na kitu ndani! Nilikaza na mpira wake nyuma ya masikio. Aliniangalia mpaka mwisho na mimi nilidhani ananishukuru.

Nimeirudia barua yako sasa hivi, hapa hapa. Umeuliza kila namba ni ya nini. Umeuliza 150, umeuliza tano, umeuliza kumi. Juu ya geji iliyosoma sifuri kabla ya nusu ya safari hukuuliza hata neno moja. Wewe! Mtoto aliyeuliza mbili za nini akiwa hajaota meno ya mbele! "Mengine sina la kusema, kengele imelia."

Hakukuwa na kengele. Ulijua. Uliposoma tu ulijua, ukanificha.

Sina nguvu ya kutia sahihi.


Jumatatu, tarehe 10 Juni

Dada yangu,

Kengele ililia kweli. Ila ungeona nilivyoshukuru ilipolia.

Nilijua, ndiyo. Nilipofika kwenye yale maneno ya geji, nilifanya hesabu pembezoni mwa barua yako mwenyewe, nikakisia tumbo la lita tatu, mara 150, gawa kwa tano, dakika tisini, na ndipo mwanafunzi akaniuliza kama naumwa. Niliandika ukurasa mzima kuhusu fundi yule, nikauchana. Nikajiambia mama kwanza. Nikajiambia ukisoma yote mawili kwa pamoja mikono yako itatetemeka, na mikono ile ndiyo mama anayoitegemea. Huo ndio ukweli, nusu yake. Nusu nyingine ni kwamba niliogopa tu. Sikutaka mimi niwe ndiye wa kukuambia.

Sasa nisikilize kama mdogo wako, si kama mwalimu. Wewe hukumuua mtu. Ulipewa namba isiyo na jina, ukaitumia kama ulivyofundishwa na mtu uliyemwamini, na yeye alifundishwa enzi ambazo mitungi yote ilikuwa na tumbo moja. Kwao kumi ilikuwa kweli siku zote, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kusema ni kumi ya nini. Hapo ndipo jina lilipopotea. Halafu likaja gari jipya.

Waambie Matroni na mganga mkuu, leo hii, kabla gari halijatoka tena. Hilo halina mjadala. Lakini mke wa fundi, Dada, muache. Ameshazika, ameshaambiwa ni moyo, ameshalia kwa sababu hiyo. Ukimwendea utamfukulia mumewe upya. Itamsaidia nini? Utapata wewe nafuu ya kutua mzigo, na yeye ndiye atakayeubeba. Nyamaza kwa hilo moja. Nakuomba, nyamaza.

Chumba nimekifagia. Kitanda nimetandika. Mikate mikavu nimeitupa.

Yanini


Jumatano, tarehe 12 Juni

Mdogo wangu,

Naanza na yaliyo rahisi.

Matroni nilimpeleka stoo, nikamfungulia mtungi mwingine mbele yake. Alitaka kuondoka katikati, nikamwambia Matroni, kaa. Tukakaa wote wawili, yeye juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sauti ilipokata, alinyoosha mkono akagusa geji kwa ncha ya kidole, kama unavyogusa pasi kujua ina moto. Kisha akaniuliza, "Wangapi nimewafundisha?" Wapo hospitali zote za huku, Yanini, na magari yale yamegawiwa kila mahali. Tangu hapo anaandika barua. Vidole vimejaa wino, chakula hali, anamwandikia kila muuguzi anayemkumbuka, mmoja mmoja: mtungi wako una lita ngapi? Lita, si kumi.

Mganga mkuu alipauka. Alikaa, akasimama, akakaa. Halafu akasema hili ni suala la ndani. Mimi nimezuiwa kufuatana na wagonjwa mpaka uchunguzi uishe, kwa hiyo Ijumaa sitakuja na mama. Nimelia, lakini sikubisha. Matroni atamleta yeye mwenyewe. Ameshaamuru gogo la lita kumi lifungwe kwa kamba garini, na midogo mitatu iwe ya akiba. Dereva analalamika kwamba gari litalala upande. Acha lilale.

Sasa mama. Nilikuwa namsomea barua yako, nikaruka kile kipande cha kunyamaza. Akajua nimeruka. Unajua anavyojua. Akavua maski, nikapiga kelele arudishe, akairudisha, akaongea ndani yake kama mtu aliye chini ya blanketi: "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na huyo Yanini akikuambia unyamaze, muulize unanyamaza kwa ajili ya nani." Akafumba macho. Nilidhani amelala, kumbe ananisubiri niondoke.

Nikaenda.

Nyumba ya fundi iko nyuma ya kinu cha kusaga. Mkewe yupo, amekaa kati ya mabango ambayo hayakwisha. Kuna moja lina KARI tu, limesimama ukutani linasubiri herufi zake. Zamani mume alikuwa akichora mistari, yeye akijaza rangi. Alinionyesha, kwa upole kabisa, akanipa na kiti. Hilo ndilo lililonimaliza, kile kiti. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia mtungi, na lita, na geji, na maski niliyoibana. Sikupunguza kitu. Kila neno lilikuwa linatoka na mimi nalisikia kama la mtu mwingine.

Nilikuwa nasubiri anipige, nilitaka anipige. Halafu akasema kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo si kwa sababu nilitapika?"

Yanini, mimi sikuelewa. Nikamuuliza, unasema nini?

"Nilimsimamisha dereva. Nilikuwa nimeinama kwenye majani, naosha uso, akapiga honi, nikainua mkono hivi, nikamwambia subiri kidogo. Niliporudi garini ndipo mume wangu akaanza kubadilika. Kila nikifumba macho nauona huu mkono. Subiri kidogo, subiri kidogo. Wanangu sijawaambia. Nimewaambia ni moyo, kama mlivyosema, lakini mimi nilijua ni mkono wangu."

Alikuwa ameuinua, ule mkono, hewani, ananionyesha. Nikamwambia hapana. Nikamwambia tungesimama, tusingesimama, hewa ingekatika vile vile kabla ya nusu ya njia. Si wewe. Akauliza mara ya pili, si mimi? Nikasema si wewe. Akaushusha ule mkono akauweka mapajani, akauangalia kama kitu alichorudishiwa.

Ndipo akalia, na kilio chake sitakiandika.

Kisha akasimama akafungua mlango. "Nashukuru umekuja," akasema. "Na sitaki kukuona. Yote mawili. Toka."

Sasa niambie tena ninyamaze.

Dada yako


Alhamisi, tarehe 13 Juni

Dada,

Sina la kujitetea. Nimekaa na barua yako mapajani tangu gari la maziwa lilipoondoka, na nalazimika kumkimbiza dereva njiani anaporudi ili hii ikufikie kabla ya kesho.

Nilidhani nimeuliza kila kitu. Nilikuambia atabebeshwa mzigo, na wala sikujiuliza tayari alikuwa amebeba wa aina gani. Mimi! Nimesomesha watoto wa watu kwamba huwezi kujumlisha vitu viwili kabla hujajua kila kimoja ni nini, kisha nikachukua huzuni ya mama wa watu nikaikadiria kutoka huku, bila kumuuliza, nikakupa jibu.

Darasani leo nimeandika ubaoni kumi, peke yake, nikaketi. Wakaulizana, wakacheka, mpaka msichana mmoja wa nyuma akasema, "Mwalimu, ya nini?" Nikatoka nje. Wamedhani nimepata msiba.

Namsubiri mama. Nitakuwa getini.

Yanini


Ijumaa, tarehe 14 Juni

Yanini,

Hii ameibeba Matroni mfukoni, kwa hiyo ukiisoma mama yuko mbele yako. Mwangalie kwanza, kisha urudi.

Asubuhi hii gari liko tayari mlangoni, gogo limefungwa kamba, dereva bado ananung'unika, mama yuko kwenye machela anawapa watu amri. Mlinzi akaja mbio kuniambia kuna mwanamke mmoja getini na ndoo, haelezi shida yake. Nikajua kabla sijamwona.

Ndani ya ndoo alikuwa na kopo la rangi nyekundu na brashi mbili za mumewe. Hakunisalimu, wala hakunitazama usoni. Akauliza, "Iko wapi mitungi?"

Mganga mkuu alikuwa pale, akafungua mdomo. Matroni akamtazama tu, akaufunga.

Tukaitoa yote, midogo na magogo, tukaipanga ukutani. Akapiga magoti mbele ya wa kwanza. Akauliza bila kugeuka, "Huu ni kiasi gani?" Nikasema tatu. Mkono wake ukasimama hewani na brashi inadondosha rangi. "Tatu za nini?"

Lita, nikasema. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia. Lita.

"Basi tunaanza na neno," akasema. "Mume wangu alikuwa akianza na neno siku zote, namba baadaye." Akaandika LITA, herufi nene, zimenyooka kama amepiga rula, kisha 3. Akasogea wa pili. Alikwenda hivyo mpaka mwisho wa ukuta, na sisi wote tumesimama, wauguzi, dereva, mganga mkuu, mlinzi. Gogo la mama lilikuwa limeshafungwa, akapanda garini akaliandikia humo humo, LITA 10, amejikunja kwenye kona ile ile aliyokaa siku ile. Alipoteremka alishika mlango kidogo. Nilitaka kumshika nikaogopa. Mama ndiye aliyetoa mkono kutoka kwenye machela, akamshika kidole kimoja, mama na maski yake, hawajuani hata kidogo.

Kisha akachukua ndoo yake. Akaniambia, akitazama viatu vyangu, kwamba hospitali nyingine zina magari kama haya, na kopo hili halitatosha. Nikamwambia nitatafuta rangi. Akasema Jumatatu. Akaondoka.

Ukiwa unamteremsha mama utaona blanketi lake lina doa jekundu kwenye pindo. Mama aligusa mtungi wake kabla rangi haijakauka, na kwa alivyonitazama nadhani alifanya makusudi. Usilifue.

Salamu nilizokuahidi siku ile ya kwanza nilikuwa bado nazo. Pokea sasa, na umwambie mama kwamba nimekuuliza unakula nini.

Dada yako